Duma wa Mama Plasta

Kwenye karakana ya miguu ya bandia walimwita Mama Plasta, kwa kuwa hakuna siku aliyotoka kazini bila unga mweupe wa plasta ya kufinyangia miguu kwenye nyusi. Miaka ishirini na miwili alikuwa akipima miguu ya watu, akisaga na kulainisha. Lakini ukitaka kumjua hasa, ungesubiri saa ya chakula, afute mikono na kufungua daftari lake la kuchorea.

Humo waliishi watu wanaogeuka wanyama. Kulikuwa na mfamasia aliyegeuka nungunungu kila alipokasirishwa, karani wa posta aliyekuwa komba, na mapacha waliogombania zamu ya kugeuka nyegere mmoja. Kila mmoja alichorwa mara tatu: mtu, mnyama, na pale katikati, ambapo wachoraji wengi huumbuka. Mama Plasta haumbuki. Anajua kwamba lile watu wanalodhani ni goti la mnyama lililogeukia nyuma ni kisigino tu. Na nguo zao? Zilibaki sakafuni na vifungo vimefungwa, ndivyo mke wa karani alivyomshtukia mumewe.

Kuchora alijua. Kuwatungia historia, hapo alikuwa bure kabisa. Hiyo ilikuwa kazi ya kaka yake tangu utotoni: dada anachora, kaka anasema huyu kazaliwa wapi na anamkimbia nani. Kaka mtu alikuwa refa wa mpira mpaka ajali ya pikipiki ilipomwondolea mguu wa kulia, chini ya goti. Dada yake alimtengenezea mwingine kwa mikono yake, ukamkaa sawasawa. Anatembea, anapanda ngazi. Ila hadithi zilikatika. Akiletewa daftari husema, "Acha tu, mdogo wangu." Mwaka na nusu daftari likajaa watu wasio na jana wala juzi, na jambo hilo lilimuuma Mama Plasta kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Basi akapanga hila. Jumamosi moja kaka alikuja kurekebishiwa mguu, akaukuta ukurasa umeachwa wazi mezani. Upande mmoja refa, filimbi shingoni, mguu wa bandia. Upande wa pili duma anakimbia kwa miguu minne mizima. Wiki tatu alimchora, na moyoni alijua ametoa zawadi.

"Huyu ni mimi?" kaka aliuliza.

"Ni refa tu."

"Refa mwenye pua yangu." Akainama karibu. "Akigeuka, mguu unarudi?"

"Unarudi."

"Na akiwa mtu tena?"

"Unapotea."

Kaka akalisukuma daftari. "Huyo hatarudi kuwa mtu. Mkewe atamngoja mpaka achoke, na huo mguu uliomtengenezea utakaa sebuleni ushike vumbi. Ndivyo unavyoniona? Kwamba nimekaa tu, nangoja kuwa mwingine?"

Mama Plasta aliona aibu mpaka mikono ikakosa pa kukaa. Kila siku anawaambia wagonjwa maisha hayaishii kwenye goti, halafu kaka yake mwenyewe amemchorea maisha yanayoishia hapo hapo. Alichukua kifutio, akafuta wayo wa nyuma wa kulia, akafuta kisigino, akapanda hadi chini kidogo ya goti. Duma akawa kama anaanguka, ikabidi aushushe mgongo, ausogeze mguu wa kushoto katikati, mkia auvute upande wa pili. Kazi hiyo ilichukua nusu saa. Kaka alinuna, lakini mguu wake wa bandia ulikuwa bado umebanwa kwenye jiliwa la mezani, asingeweza kuondoka hata angetaka.

"Mbona umemnenepesha?" hatimaye akasema.

"Siku hizi hakimbii sana."

"Anakimbia. Anachelewa kukata kona tu." Akaisogeza stuli aliyokalia, akaweka kidole juu ya yule duma. "Mara ya kwanza aligeuka katikati ya mechi. Dakika ya themanini na nane, ametoa penalti. Wachezaji wote wakatimua mbio, isipokuwa golikipa, na huyo ni kwa sababu alikuwa amefumba macho."

Mama Plasta alipapasa mezani akitafuta kalamu. Machozi yalishamjaa, hakuona vizuri.

"Hiyo mechi ilikuwa kabla ya ajali?" aliuliza.

"Baada," kaka akasema. "Andika."