Pea ya Melati na Sekar

Msimu ule wa tumbaku watu wa kijiji cha Lembung Bato walikuwa na mzaha mmoja, na kila aliyekutana na Suhriya kisimani aliutoa kana kwamba ameutunga yeye.

"Mama Rofika, mke mwenzio hajambo?"

Naye Suhriya, huku akivuta kamba ya ndoo, huwajibu, "Yupi, mwenye pembe au asiye nazo?"

Wanawake wakacheka hadi maji yakawamwagikia miguuni. Suhriya naye akacheka nao, maana asingecheka wangejua kwamba unamchoma. Kisha akajitwika mzega wake, debe huku na debe huku, akashika njia ya shamba, na kicheko kilikuwa kimeshamkauka mdomoni kabla hajaumaliza ukuta wa mawe wa kisima.

Mwenye pembe alikuwa Melati, ng'ombe mwekundu aliyezungukwa na weusi machoni kama mtu aliyepakwa wanja. Asiye na pembe alikuwa Misnati, mjane wa kitongoji cha ng'ambo ya mashamba. Na kati ya hao wawili alikuwapo Matraji, mume wa Suhriya, mtu mrefu, mpole, msahaulifu wa kila kitu isipokuwa ng'ombe.

Matraji na marehemu mume wa Misnati, Asmuni, walikuwa marafiki wa tangu kuchunga. Siku moja wakaenda mnadani pamoja, wakarudi na ndama wawili wanaofanana kama punje mbili za muhindi mmoja, kila mtu na wake. Wakaahidiana kwamba wale ndama wakikua watatembea pea moja kwenye shindano la ng'ombe warembo mjini Pamekasan. Si mbio. Mbio ni za madume, za kelele na vumbi. Hili ni la majike: wawili wanafungwa pamoja, wanavishwa mahameli na nyuzi za dhahabu, wanatembea taratibu kwa zumari, na wakifika chini ya lango wanasimama, kisha wanapandisha miguu ya mbele juu ya ubao, wote kwa pamoja. Mmoja akitangulia hata kidogo, kazi yote imeharibika. Ndiyo maana pea haifundishwi mmoja mmoja.

Asmuni alikufa kwa homa kabla ndama hawajaota pembe. Wa kwake, Sekar, akabaki kwa mjane. Na ahadi ikabaki kwa Matraji.

Basi kila alasiri, wakati watu wote wako shambani kumwagilia miche, Matraji alikuwa akimwogesha Melati kwa maji ya vuguvugu. Akimchana. Akimkanda mabega kwa mafuta ya nazi huku akimwimbia puani. Suhriya alipita na mzega wake na mabega yake mwenyewe yamewiva kwa ule mti, akatazama vile vidole vinavyokanda.

"Baba Rofika, tumbaku ya upande wa juu imeanza kulala."

"Naja, naja. Nimpeleke kwanza akafanye mazoezi."

"Na hizo sharubu nani kakupunguzia?"

"Kinyozi."

"Kinyozi kwa ajili ya ng'ombe?"

"Anawashwa nikimbusu," akasema Matraji, akacheka peke yake, akachukua chupa ya dawa ya kumnawirisha ng'ombe aliyoandaliwa na mkewe, akamkokota Melati kwa kamba, akapotea kati ya mashamba. Alirudi baada ya sala ya isha, na njaa hana.

Hilo la dawa ndilo lililowafanya watu wazidi kucheka. Suhriya ndiye aliyekuwa mkono wa dawa katika sehemu ile, kama mama yake kabla yake. Alizaliwa katika ua ule ule, wa kwanza kati ya mabinti watatu, na nyumba yake ni ile ya mwisho magharibi, iliyopakana na langgar, ule msikiti mdogo wa uani. Nyumba za kwao ni za wanawake. Mwanamume huja na tandiko lake na jembe lake. Tangu msichana alitwanga manjano, tangawizi, majani ya mtambuu na mizizi ambayo mama yake alimwonyesha kwa kidole bila kuitaja. Wazazi waliotoka kujifungua walimtumia watu kutoka hata huko pwani kunakovunwa chumvi. Na kulikuwa na dawa moja iliyouzwa kuliko zote, ya mke kumtuliza mume akae nyumbani. Sasa wanunuzi wake walikuja, wakamkuta peke yake jioni, wakatazama huku na huku.

"Na Baba Rofika yuko wapi?"

"Ametoka na ng'ombe."

"Aa," wakasema, na wengine wakashusha chupa chini polepole, wakaahidi kupitia siku nyingine.

Usiku alipojilaza kando ya Matraji alisikia harufu ya mafuta ya nazi na moshi wa jiko lisilo lake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Rofika, naye yuko bweni la madrasa mbali. Nyumba ilikuwa kimya. Katika ukimya ule Suhriya alimjenga Misnati upya kila siku: akampa kiuno, akampa shingo, akampa sauti laini. Kwa kweli alikuwa hajamwona vizuri tangu matanga ya Asmuni, ila mwanamke wa kichwani haachi kunenepa.

Ndipo mdogo wake Marwiya, wa nyumba ya pili, alipokuja na habari, amebeba ungo ili aonekane ana kazi.

"Dada, mimi si mtu wa maneno."

"Sema tu, Marwiya. Ungo hauna kitu."

"Nimepita kwa Misnati jana, natafuta mbuzi wangu. Nimemwona shemeji anatoka jikoni."

Suhriya akaacha kutwanga. "Umeona langgar, ukasema jiko."

"Langgar iko magharibi, jiko liko kusini. Mimi si kipofu. Alitoka anafuta macho, Misnati nyuma yake anacheka."

Mgeni wa kiume hukaa langgar. Kahawa huletewa huko huko, anakunywa, anaaga. Jikoni ni kwa wenye nyumba na wanawake wenzao. Mwanamume wa nje akionekana anatoka jikoni kwa mjane, watu hawaulizi kama alifuata chumvi.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" akauliza Suhriya.

"Mimi? Ningekwenda na mchi."

Kesho yake Suhriya aliiacha tumbaku na kiu yake. Alimpa Matraji nafasi ya kutangulia, akavaa saruni yake nzuri, akaona haya kwa kuivaa, akaivua, akaivaa tena. Mchi hakuuchukua. Alichukua chupa moja ya dawa ili awe na la kusema akifika. Jua lilikuwa bado kali juu ya mawe meupe, na njia nzima alikuwa anatunga maneno: ya kwanza makali, ya pili makali zaidi, ya tatu alilia nayo kidogo karibu na mianzi.

Alipofika uani kwa Misnati, Melati na Sekar walikuwa wamefungwa sambamba kati ya nguzo mbili, miguu ya mbele juu ya kifusi, vichwa juu, kama mabibi wanaongoja kupigwa picha. Langgar ilikuwa tupu. Jikoni kulikuwa na moshi na kicheko.

Suhriya hakupiga hodi.

Matraji alikuwa amechutama mbele ya mafiga anapuliza moto, machozi yanamtoka kwa moshi, jivu kwenye zile sharubu. Mlangoni kwa ndani alikaa mama mkwe wa Misnati, bibi kizee anatafuna tambuu, macho yake hayabanduki kwa hao wawili. Misnati alikuwa kwenye kinu, mfupi, mnene wa mikono, jino moja la mbele limekatika. Hakuwa yule wa kichwani hata kidogo, na jambo hilo halikumsaidia Suhriya chochote, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshakwama mahali pengine: juu ya kichanja cha mahindi kulikuwa na chupa zake. Zimepangwa. Vizibo ni vile vile vya maganda ya muhindi, fundo ni lile lile la mkono wake. Zimejaa hadi shingoni.

"Hizi nini?" akauliza.

Matraji akainuka, akajigonga kichwa kwenye kichanja. "Mama Rofika! Hizo... si dawa zako."

"Si zangu?"

"Ni zako. Nasema, si ndizo hizo dawa zako?"

"Naona. Mbona chupa zimeshiba?"

"Melati anaitema. Tangu zamani. Sekar naye akamwiga. Dada Misnati akapika yake, wakainywa, sasa..."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe," akasema Matraji, na bibi kizee akacheka hadi tambuu ikamtoka.

"Mimi nilimwambia akwambie, dada," akasema Misnati.

"Mimi si dada yako."

"Nikuite nani basi, bibi? Nikuzeeshe?"

Suhriya alichota kwa kata kutoka chungu cha Misnati, akaonja. Ukwaju, mayai, sukari ya mnazi nyingi kupita kiasi. "Hii ni dawa au ni uji wa arusi?"

"Wanywaji hawajalalamika."

Angemkuta mumewe na mwanamke angejua pa kuanzia. Maneno alikuwa nayo tayari tangu kwenye mianzi. Lakini hili lilimpata mahali ambapo hakuwa na ngao. Miaka yote ile alichompa Matraji ambacho hakuna mwingine wa kumpa kilikuwa ndani ya zile chupa, naye amekuja kukiweka kichanjani kwa watu, akapuliza moto wa mwingine. Akatazama nje, akawaona wale ng'ombe wanang'aa, kweli wananawiri, na wivu ukazidi.

"Melati ni wa nani?" akauliza.

Matraji akafuta jivu. "Wako. Shamba lililomnunua ni la mama yako."

"Basi sikilizeni. Pea inalala zizi moja. Kesho Sekar anahamia kwangu mpaka siku ya shindano. Nawe Misnati utakuja kila jioni na chungu chako, utaingilia jikoni kwangu, ukipika nakuona. Baba Rofika atakaa langgar, ataletewa kahawa."

"Kwake mwenyewe?" Misnati akashangaa. "Kama mgeni?"

"Amezoea jikoni za watu. Ya kwake apumzike."

Misnati alimtazama Sekar huko uani. Alikuwa hajalala mbali na ng'ombe yule tangu afiwe na mumewe. "Nakubali," akasema, "ila dawa ni ya kwangu."

"Sukari utapunguza."

"Sipunguzi."

"Tutaona."

Ndivyo ilivyokuwa hadi tumbaku ikavunwa. Kila jioni Misnati alikatiza mashamba na chungu kichwani, na Matraji, ambaye sasa alimwagilia miche asubuhi na alasiri bila kuambiwa, alikaa langgar anakunywa kahawa na kuchungulia jikoni kwake kama mtoto yatima. Suhriya alitia tangawizi Misnati akigeuka. Misnati alitia sukari Suhriya akigeuka. Ng'ombe walikunywa yote. Marwiya alikuja kuomba moto hata siku ambazo jiko lake lilikuwa linawaka.

Wivu haukupungua. Ulibadilisha tu mahali pa kukaa. Matraji akikohoa langgar, Suhriya alimtazama Misnati kama atageuka. Misnati akicheka, na alikuwa na kicheko kizuri, Suhriya alisikiliza kama langgar nayo itacheka. Baya zaidi, alianza kukingojea kile kicheko jioni, akajichukia.

Siku moja hakujizuia. "Mlikuwa mnazungumza nini, wewe na Baba Rofika, muda wote ule?"

"Asmuni," akasema Misnati, haoni hata haja ya kufikiri. "Walivyoiba tikiti. Walivyopotea mnadani. Kwetu hakuna anayemtaja tena, wanaogopa nitalia. Mumeo anamtaja kama vile ametoka kidogo tu kwenda kukata majani. Ndiyo nikamwacha aingie jikoni, nisikie nikiwa natwanga."

Suhriya akakoroga chungu. Miaka yote ya ndoa Matraji hakuwahi kumsimulia habari ya tikiti. Hapo akamwonea wivu hata marehemu.

Siku ya shindano uwanja wa Pamekasan ulikuwa umejaa miavuli. Suhriya na Misnati walisimama bega kwa bega kwenye kamba, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Zumari zikalia. Melati na Sekar wakaja na mahameli nyekundu kifuani, hatua kwa hatua, na nyuma yao Matraji ameshika kamba, kilemba kichwani, anapumua kwa mdomo. Wakafika chini ya lango. Wakasimama. Uwanja ukanyamaza. Kisha miguu minne ya mbele ikapanda ubao kwa mlio mmoja, *ko*, na watu wakapiga kelele.

Matraji akainua uso kuelekea walipo wao wawili. Akapunga mkono, meno yote nje.

Misnati akapunga pia, analia, anacheka na lile pengo lake.

Suhriya hakupunga. Walikuwa wamesimama karibu mno. Mtu wa mbali kule angepunga kwa yeyote kati yao na mkono ungekuwa ule ule. Hilo hakuweza kulivumilia. Akajitoa kwenye kamba, akapita nyuma ya mama mmoja muuza karanga za kuchemsha, akajibanza kwenye kivuli cha mwavuli wake, akatazama kwa upenyo.

Misnati alikuwa bado anapunga. Mkono wa Matraji ukashuka. Meno yakafichika. Shingo yake ndefu ikaanza kurefuka zaidi, huku, kule, juu ya pembe za ng'ombe, juu ya miavuli, anamtafuta aliyetoka kando ya Misnati. Waamuzi walikuwa wanamwita asogeze pea, hasikii.

"Mama, unanunua au unajificha?" akauliza muuza karanga.

"Nipe za kopo moja," akasema Suhriya, hakutoa macho kwenye upenyo. "Na usisogeze mwavuli kwanza. Acha atafute kidogo."