Utani wa Mama Yangu Uliandikwa Namba Kumi na Tatu

Ndugu zangu katika mapambano, wakulima na wafanyakazi mnaousoma ukurasa huu! Mhariri amekubali kulificha jina langu, nami namshukuru, maana ninayoyaeleza yanamhusu mama yangu mzazi, naye yu hai. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa chuo kikuu, mzaliwa wa milima ya Uluguru upande wa Mgeta. Nimehutubia mikutano mingi. Nimewaita wanyonyaji kupe mbele ya macho yao bila kumung'unya maneno. Sikujua kwamba neno hilo siku moja lingepandishwa mlimani hadi mlangoni kwetu, na anayelibeba ni mwenzangu wa safu moja.

Mama hulima kabichi na karoti. Kwa muda mrefu alikuwa na vivimbe viwili kichwani: kimoja kwenye paji la uso, kidogo, kisicho na maumivu, cha pili utosini, pale pale inapokaa ngata ya kubebea mzigo. Hicho cha utosini ndicho kilichomtesa. Kila alipojitwika tenga kilifura, kikapasuka, kikatoa usaha. Likizo iliyopita nilimpeleka hospitali ya misheni. Daktari akaamua kutoa kwanza cha usoni, na cha utosini kingoje hadi usaha ukauke kwa dawa.

Lakini kabla ya kisu huja karani. Katika hospitali ile kila upasuaji mdogo una namba yake ya malipo. Kutoa uvimbe kwa sababu ya ugonjwa ni namba kumi na mbili, na mfuko wa kijiji chetu hulipa. Kutoa uvimbe ule ule, kwa kisu kile kile, kwa ajili ya urembo, ni namba kumi na tatu, na hapo mgonjwa hujilipia mwenyewe. Anayeandika namba hizo ni kijana wa Kinyamwezi, nitamwita Kulwa ingawa silo jina lake. Ni katibu wa tawi letu la vijana. Tumepokezana kipaza sauti, tumegawana muhogo wa kuchoma. Tena Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani, kwa hiyo hata shikamoo hakumpa mama.

"Wewe Mluguru," alianza, "hicho kichwani ni nini? Kabichi uliyosahau kuishusha?"

"Nyamaza, mbeba mizigo ya watu!" mama akamjibu. "Nimekuja mnitengeneze nipendeze, niolewe Tabora, nile asali bila kufuga nyuki."

"Tabora hatuoi vikongwe."

"Basi kioe hicho kiti ulichokikalia, maana hamwachani!"

Benchi zima la wagonjwa lilicheka. Kulwa naye alicheka, akaandika namba, akatuambia hesabu zitapelekwa kijijini kama kawaida. Nami nilimwamini. Kwa nini nisimwamini?

Siku chache baada ya kivimbe cha usoni kutolewa, kijiji kilikutana kuujadili mfuko wa matibabu, na Kulwa akaalikwa kusema. Alisema vizuri mno. Nilikuwa nimekwisha kuinua mikono nipige makofi alipotamka haya: "Ndugu wananchi, wapo wanaotaka jasho lenu liwalipie urembo! Mmoja alinitamkia kwa kinywa chake kwamba anataka kupendeza akaolewe. Nilimzuia kwa kalamu yangu. Je, huyo si kupe?"

"Kupe!" umati ukaitikia.

Hakutaja jina. Nani alihitaji jina? Mama alikuwa ameketi mstari wa mbele, plasta nyeupe ikiwaka kwenye paji lake. Papo hapo ikaazimiwa kwamba mwanachama wa namna hiyo asilipiwe tena lolote, hadi mkutano wenyewe utakapoamua vinginevyo.

Nilimkabili Kulwa nje. "Ulijua ule ni utani!"

"Nilijua. Lakini namba ya utani haipo, ndugu yangu. Kumi na mbili au kumi na tatu." Kisha akashusha sauti. "Wilayani wanatafuta katibu wa vijana mwenye msimamo. Nilihitaji mfano. Wewe msomi unaelewa. Na kama umeudhika, utafanyaje? Mimi ni mtani wenu!"

Ndugu zangu, adui akinipiga, nitajua alikotokea. Huyu aliingia kwa mlango wa kicheko, mlango ambao wazee wetu waliuacha wazi kwa makusudi, akatoka na heshima ya mama yangu ili ajipandishie cheo. Je, huo si unyonyaji? Anayekula jina la mkulima anatofautianaje na anayekula mazao yake?

Mwenyekiti wa kijiji ameniambia namba itabadilishwa na azimio kufutwa iwapo mtu atasimama mkutanoni na kumshitaki karani kwa kuandika uongo. Nikakimbia nyumbani na habari hiyo. Mama alikuwa akisafisha usaha kwa maji ya chumvi. Hakuinua hata uso.

"Mtani hashitakiwi, mwanangu."

"Amekuita kupe, mama! Mbele ya kijiji kizima!"

"Nimesikia, nilikuwapo. Bibi yako alipokufa, watani ndio waliotuchekesha tukaweza kula. Ukimpeleka mtani barazani umeuvunja utani wote, si wa huyo mmoja. Siku yangu ikifika, nani atakuja kunicheka?"

Tangu hapo tenga analibeba begani, akipumzika kila kona ya njia, na wanawake aliozoea kupanda nao mlima sasa hutangulia. Uvimbe unakua. Nikisema, nitaponya kichwa cha mama na kukivunja kitu anachokithamini kuliko kichwa chake. Nikinyamaza, Kulwa atapanda wilayani akikanyaga utosi ule ule wenye kidonda. Mimi niliyezoea kuwaambia maelfu la kufanya, leo sina la kujiambia. Ndugu zangu, mngekuwa mimi, mngesimama au mngekaa?

Mkutano wa kijiji utakaa tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, malori ya mboga yakishaondoka. Niandikieni kupitia ukurasa huu kabla ya siku hiyo.