Binti Aliyekuja Kuchorwa

Doha nilikuwa dereva na mpishi katika nyumba ya Mwingereza mmoja aliyechora sura za watu. Alichora wakurugenzi wenye ofisi Al Sadd, na mabibi wa kule Pearl ambao hawakuridhika na shingo zao. Mkewe alikuwa mwalimu, na nyumba ilikuwa ya shule. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, niliyempeleka shule tangu mdogo mpaka aliporudi kwao Uingereza kusoma na kuolewa.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimesoma dini, na kabla ya kwenda Uarabuni nilisomesha watoto Kurani. Kwa hiyo mchoraji akaniita Sheikh, nusu heshima, nusu mzaha, hasa kwa kuwa nilikataa kuchorwa.

“Sheikh, utakufa bila kuacha sura.”

“Sura yangu anaijua aliyeniumba.”

“Basi angekaza mkono kidogo kwenye hiyo pua.”

Mkewe alimkemea, nami nikamwombea msamaha kimoyomoyo huku nacheka. Walinitendea wema wale watu, Mungu awalipe.

Kisha mchoraji akaanza kusahau. Yalitangulia majina, zikafuata nyuso. Mlinzi wa getini, Mkenya, alinivuta pembeni: “Mzae, huyu mzungu wako ameniuliza kama nimepotea njia. Nimemshow mimi ndiye huwa namfungulia gate kila siku, akasema pole, karibu tena.” Tulicheka, lakini si kwa furaha. Cha ajabu, mkono wake haukusahau kitu. Mtu akikaa mbele yake, alimchora kama zamani.

Mkewe alifariki ghafla, kwa moyo. Aliombewa kanisani Abu Hamour, tukamzika, na mumewe alisimama kaburini akalia. Kesho yake aliniuliza mkewe amekwenda wapi asubuhi yote ile. Nikamwambia. Akalia upya, kama ndiyo kwanza anasikia. Siku iliyofuata ikawa vilevile.

Ikama yake, yaani kibali cha kuishi, ilikuwa chini ya mkewe, na shule iliitaka nyumba. Binti akaja kumchukua. Baba yake alimfungulia mlango mwenyewe.

“Karibu. Umekuja kuchorwa?”

“Baba, ni mimi.”

Alimtazama kwa makini, kama anavyotazama kazi. “Una uso mzuri. Kaa pale kwenye mwanga.”

Binti alipomweleza kuwa watasafiri pamoja kurudi nyumbani, mzee alighadhibika. “Siendi popote na mwanamke nisiyemjua. Nina mke mimi!” Akamwita mlinzi amtoe.

Binti alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda changu. Hakulia. Alinisihi nisimwambie tena baba yake habari ya kifo, nami nikakubali. Mwisho akasema, “Hajawahi kukataa kazi.”

Asubuhi alizunguka nje, akagonga mlango kama mteja. Alisema anataka kuchorwa nyumbani kwake Uingereza, na mchoraji atapewa chumba. Mzee alifurahi, akaanza kuosha brashi. Halafu akasita, akaniita.

“Sheikh, wewe husemi uongo. Unamjua huyu bibi?”

Binti alinitazama. Nikasema, “Namjua. Ni mtoto wa watu wema. Nenda naye.” Nilimshukuru Mungu kwamba neno lenyewe lilikuwa la kweli.

“Na mke wangu akirudi, utamwambia nilipo?”

Nilishika sanduku lake nikatoka kwenda garini, naye akadhani nimekubali.

Uwanja wa ndege niliwasindikiza mpaka mwisho wa ruhusa. Binti alinyoosha mkono amshike baba yake, kwa kuwa sakafu ilikuwa ikiteleza. Akaukwepa kwa adabu. Mtu wa heshima hashikani mikono na mteja wake.

Binti alinipigia simu baada ya miezi kadhaa, baba yake ameshafariki. Kila asubuhi, alisema, alikaa dirishani katika nyumba yake, ambamo yeye mwenyewe alizaliwa, na mzee akamchora huku akimpigia hadithi. Alimweleza kwamba ana binti mtundu, aliyewahi kumwaga rangi yote ya buluu bafuni, na kwamba siku hizi haji kumwona. Machozi yakimtoka binti, mzee aliweka brashi chini. “Tafadhali, bibi. Uso unabadilika.”

“Hakunijua, Sheikh. Mpaka mwisho.”

“Pole, mwanangu.”

Kisha akaniuliza kama huko mbele, akhera, baba yake atamjua. Nimekaa mbele ya masheikh miaka mingi, nimesoma vitabu. Lakini nilimwambia sijui, ila nitamwombea hilo katika kila sala. Mpaka leo namwombea.