Kipimo Kilichoonjeshwa Maji ya Dagaa

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa harufu yake. Ilikuwa harufu ya dagaa waliolowekwa wakaachwa, na iliniponya ugonjwa ambao sikujua kama ninao.

Nilikuwa binti wa Misungwi niliyemaliza kidato cha nne na alama nzuri ya kemia, nimepanga chumba Mabatini, Mwanza. Alama hiyo nilitembea nayo mjini utadhani nimetawazwa. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, Mhindi wa siku nyingi pale Mwanza, akaniajiri kutunza tangi la kioo nyumbani kwake. Usidhani mlikuwa na sato au sangara. Yalikuwa maji ya chumvi, matumbawe, konokono mmoja mkubwa wa baharini apendaye kujificha chini ya mawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na mnyama mmoja laini mwenye vidole vingi, amekaa juu ya jiwe kama ua. Tangi hilo alimtengenezea mama yake, Bibi Shirini, mzaliwa wa Tanga ambaye miguu ilikuwa imeshakataa safari. Kila asubuhi Bibi alisogeza kiti, akawatazama samaki wale wakijificha katikati ya vidole vya yule mnyama. Hiyo ndiyo bahari aliyobaki nayo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yamejaa vitu vya nje. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni, kitu kikija na boksi la maandishi ya Kiingereza tulikiamini kuliko macho yetu. Chumvi ya tangi ilikuja kwenye ndoo kutoka ng'ambo, nami niliikoroga katika maji ya bomba yaliyokaa siku mbili. Kipimo nacho kilikuja kwenye kisanduku: unachota maji kwenye kichupa, unadondoshea dawa, unalinganisha rangi na kadi. Ikiwa njano, maji ni safi. Ikiwa kijani, yana sumu ya uozo, ile amonia. Kisanduku hicho nilikiweka dirishani, juani, ili nisipate shida kusoma rangi. Ona akili hiyo.

Siku moja yule mnyama akajikunja, na kesho yake hakufunguka. Nikapima, njano. Nikapima tena, njano. Kwa kuwa ndoo ya chumvi ilikuwa mpya, nikahukumu kwamba chumvi ndiyo mbovu. Bosi akanisikiliza, akamgombeza aliyemuuzia, akaagiza aina nyingine kutoka Dar es Salaam. Nilipoikoroga hiyo ya pili hali ikazidi, nami nikatangaza kwamba nayo ni feki. Bibi aliniambia mara mbili, kwa upole tu, kwamba maji yananuka. Nikamjibu kwamba hatupimi maji kwa pua. Nilimjibu hivyo mtu mzima, mwanangu, na hadi leo nikikumbuka naona haya. Wiki hiyo hiyo samaki mmoja akafa. Bibi aligeuza kiti chake, akalielekezea tangi mgongo.

Asubuhi iliyofuata nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniita jikoni. Mezani palikuwa na bakuli la dagaa waliolowekwa tangu juzi. Hata paka alikuwa amehama.

"Mjukuu wangu," akasema, "hicho chombo chako kila siku kinapima. Leo tukipime chenyewe. Haya maji unajua kwamba ni machafu?"

Nikasema najua, Bibi.

"Basi kiulize."

Nikachota huku nimebana pua, nikadondosha dawa, tukangoja wote wawili tumeinamia kichupa. Sijawahi kutamani rangi ya kijani namna ile. Ikaja njano. Nikarudia, njano tena. Dawa ilikuwa imeharibika, iwe kwa jua la dirishani au kwa joto la safari, sijui. Ninachojua ni kwamba siku zote hizo ilikuwa ikinipa jibu lile lile, nami nilikuwa nikilipenda.

Tukainua mawe ya tangi moja moja. Chini ya la mwisho tukamkuta yule konokono ameoza ndani ya gamba lake. Chumvi niliyoitukana haikuwa na kosa. Nikaichukua ndoo ile ile ya kwanza, nikabadilisha nusu ya maji, na kesho yake nusu tena. Siku ya nne yule mnyama akafungua kidole kimoja, halafu vingine. Bibi akarudisha kiti chake. Samaki aliyebaki akaingia mahali pao pa zamani, peke yake, na kwa hilo sikisingizii kisanduku. Ni kosa langu.

Kipimo kipya kilipofika, kabla hakijagusa tangi tulikionjesha maji ya dagaa. Kikawa kijani kama jani la mhogo, ndipo nikakiamini. Baadaye nilifanya kazi katika maabara ya maji hadi kustaafu, na wenzangu walinicheka kwa kichupa changu cha maji ya dagaa kinachonuka.

Mwanangu, sikwambii udharau vipimo, vimenilisha. Ila chochote unachokitegemea kikwambie ukweli, iwe ni mashine, mtaalamu, au rafiki anayekusifia kila siku, kwanza kiulize jambo ambalo jibu lake unalijua. Na mtu mzima akikwambia pana harufu, simama unuse. Mungu akujalie akili ya kupima na moyo wa kusikia, na wale waliowekwa mikononi mwako wasife kwa ubishi wako.