Redio ya Mama Bhoke na Mayai Yangu

Nimefanya ujinga, na naukiri mwenyewe kabla mtaa wetu wote wa Nyasho haujausimulia. Kuku wangu, waliokuwaga wanataga vizuri, waligoma ghafla. Mpwa wangu anayesoma takwimu chuoni akanionya: “Mjomba, kabla hujasema hiki kimesababisha kile, chagua vizuri unarudi nyuma siku ngapi.”

Mimi mvivu nikachagua moja tu. Nikagundua kila siku isiyo na yai, jana yake redio ya jirani yangu Mama Bhoke ilinguruma kutwa! Nikaenda kifua mbele kumshtaki, tena mbele ya wageni wake.

Akacheka mpaka akashika ukuta. “Baba Nyangi, wewe rudi nyuma mpaka mwezi uliopita, ulipoanza kuwalia kuku dagaa zao za kutagia, ukaja kwangu kuomba mafuta ya kukaangia!”