Picha Zilizobaki Kwenye Kompyuta ya Zamani

Kazi yangu mjini Kisii ni kuwapendezesha marehemu. Kibao cha duka hakisemi hivyo. Kinasema saiba, fotokopi, picha za pasipoti. Lakini kinacholipa kodi ni vijitabu vya mazishi: wasifu wa marehemu, ratiba ya ibada, na kwenye jalada, picha. Familia huniletea picha yoyote iliyopo. Mzee amesimama kando ya ng'ombe, amevaa sweta lililotoboka, nami namvalisha suti. Nina suti moja tu, ya bluu yenye tai nyekundu. Kuna wiki wazee wawili wa kijiji kimoja walizikwa wakiwa wameivaa kwenye majalada yao, na hakuna aliyelalamika. Akina mama nawalainisha ngozi na kuwafutia makovu. Watu huniambia, "Umefanya amependeza kweli," nami hujivuna, kwa sababu mkono wangu ni mzuri na ninajua.

Kwa hiyo kila marehemu alikuwa na picha mbili ndani ya kompyuta yangu: ile iliyoletwa na ile niliyoitengeneza.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ya mezani, na feni yake ilinguruma kama kinu cha mahindi. Mwaka huu ilianza kujizima katikati ya kazi, nikanunua laptopu. Kuhamisha faili kulinitoa jasho. Ile ya zamani ikizima, kunakili kunakatika, naanza tena, na wateja wamesimama mlangoni wakinitazama kama mimi ndiye umeme. Halafu nikagundua kwamba diski ya laptopu ilikuwa ndogo kuliko ya zamani. Muuzaji hakuniambia, na mimi, kwa ujuaji wangu, sikuuliza. Hasira zikanipanda. Nikajiambia, haya mapicha ambayo sijayagusa ni ya nini? Waliozikwa wamezikwa. Nikachukua zile nilizozipamba, nikaziacha zile zilizoletwa. Kisha fundi mmoja wa Masimba akaja kuichukua ile kompyuta, nikamsaidia hata kuibeba hadi nje, nikafurahi kuona meza yangu imepata nafasi.

Hazikupita wiki nyingi, msichana mmoja akaingia. Mimi ni mtu wa upande wa ziwani na Ekegusii changu ni cha kununulia ndizi, kwa hiyo alinisemesha Kiswahili.

"Anti, wewe ndio ulitengeneza kitabu ya matanga ya mamangu. Sisi ni wa Keumbu. Nilikuwa mdogo, bado niko nasari."

Akatoa kijitabu kutoka kwenye bahasha. Niliitambua kazi yangu papo hapo. Mama laini, anang'aa, hana doa.

"Imetoka poa," alisema, kwa adabu. "Lakini si yeye. Mamangu alikuwa na shimo hapa kwa shavu, aliungua akiwa mtoto. Nataka ile picha ingine, ile mjomba alikuletea kwa simu."

"Na simu ya mjomba iko wapi?"

"Ilianguka choo."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Naye alicheka kidogo, kisha akangoja.

Nilifungua laptopu nikajifanya natafuta, na huku najua. Niliifungua folda ya mama yake. Ilikuwa na picha moja. Nikatoka nje kumpigia fundi.

"Madam, hiyo nilifuta yote," alisema. "Nikaweka Windows mpya, nikauzia mtu."

Nilirudi ndani. "Kompyuta ya zamani iliharibika," nikamwambia yule msichana. Haikuharibika. Mimi ndiye niliyekaa pale, nikachagua kipi kiende na kipi kibaki, na nikamwacha mama yake. Nilishindwa kumtazama usoni. Nilijiona mwizi, tena mwizi wa kitu ambacho hata sikukitumia. Alikuwa amekuja kutoka Keumbu na bahasha safi ya kubebea picha.

Alipoanza kukirudisha kijitabu ndani ya bahasha, huruma na aibu vikanisukuma kusema upuuzi.

"Mami, ngoja. Naweza kumrudishia hilo shimo. Niliondoa mimi, naweza kuliweka."

Uso wake ukachangamka. "Kweli, anti?"

"Kweli. Lilikuwa shavu gani?"

"Sijui," alisema. "Sikumbuki. Baba anasema ilikuwa kulia. Nyanya anasema kushoto, na yeye ndio alimzaa. Wanabishana mpaka wanakosana. Ndio maana nilikuwa nataka hiyo picha." Akaniangalia. "Lakini si ni wewe uliitoa? Ilikuwa wapi?"

Kwa kweli niliwahi kulikuza lile shimo hadi likajaa kioo kizima. Nililiziba kwa ngozi niliyoinakili kutoka kwenye paji la uso, taratibu, nikijisifu. Nilikumbuka hilo. Upande sikuukumbuka. Ningesema sijui, nalo ni neno jepesi, lakini alikuwa ananitazama kwa imani, na nilikuwa nimeshamnyima kingine chote.

"Kushoto," nikasema.

Nililichora. Lilitoka vizuri mno, lenye kivuli chake, na ngozi imejikunja pembeni kama ya mtu aliyeungua kweli. Nikaichapisha kwenye karatasi nzuri na nikakataa malipo. Yule msichana aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, machozi yakamlengalenga.

"Eeh," alisema. "Ni yeye."

Aliitia ndani ya bahasha, akajipangusa macho, akacheka.

"Baba atabisha, namjua. Lakini nitamwambia wewe ndio uliiona."