Mhadhiri wa Nje

Niliwahi kuwa mhadhiri wa chuo kikuu, na mtu akinipa nafasi bado nitamwambia. Nilikuwa mhadhiri wa nje. Hayo maneno mawili ya mwisho kanuni za chuo zilitaka yaandikwe kila mahali cheo changu kinapoandikwa, watu wasije wakadhani mimi ni wa ndani.

Kazi yangu hasa ilikuwa kupanga madaraja ya pamba katika chama kikuu cha ushirika pale Mwanza. Mkulima yeyote wa Usukumani anajua kwamba pamba ni ya aina mbili: safi, iliyochanua vizuri ikachumwa kavu na nyeupe, na fifi, iliyonyeshewa au kushambuliwa na wadudu ikageuka manjano. Zamani hizo mkulima alizitenga nyumbani, akazipeleka kituoni katika magunia mbalimbali, na kila moja ilikuwa na bei yake. Baada ya kuchambuliwa kiwandani, nyuzi zake zililetwa kwetu, kwenye chumba chenye madirisha makubwa upande mmoja. Tulizivuta kwa vidole gumba juu ya meza nyeusi, tukatazama urefu na rangi, tukaamua. Mnunuzi wa ng'ambo alinunua kwa kuviamini vidole vyetu.

Kazi hiyo humharibu mtu tabia. Nikiona kichafu kimechanganywa na kisafi sikuweza kukaa kimya, iwe ni mchele dukani au maneno mkutanoni. Mke wangu, Mhaya, mwalimu wa shule ya msingi huko Butimba, alidai kwamba hata wageni wakiingia sebuleni kwetu Buzuruga nawapanga kwanza kwa madaraja ndipo nawakaribisha kiti. Hakukosea. Hotuba nyingi za wakubwa nilizozisikia miaka hiyo zilikuwa fifi, tena ya kunyeshewa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Soko lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wameruhusiwa kuingia kwenye pamba, na redio ilisema kila siku kwamba ushindani utamneemesha mkulima. Upande wa ziwani kulikuwa na chuo kichanga, majengo yake mengine hayajapigwa hata rangi, kilichokuwa kikifundisha biashara. Mkuu wa idara ya biashara ya mazao alikuja siku moja kututembelea, bwana mpole mwenye miwani, aliyesoma Ulaya. Alisimama nyuma yangu asubuhi nzima akinitazama ninavyovuta nyuzi. Mwishowe akasema, "Ndugu yangu, haya hayamo katika kitabu chochote nilicho nacho. Njoo uwafundishe vijana wangu."

Hivyo ndivyo nilivyokutana na kanuni. Zilikuwa katika kijitabu chembamba cha jalada la kijani, na zilitambua watu wa aina tatu. Mhadhiri wa heshima alikuwa mtu aliyekwisha kustaafu kwa umri, mwenye sifa njema, anayetaka kuwagawia vijana busara zake kabla hajafa. Kijitabu hakikusema kabla hajafa. Hilo ni langu. Mhadhiri mgeni alitoka chuo kingine, akakaa muhula mmoja au miwili, na alipewa nyumba. Mhadhiri wa nje alikuwa mtu mwenye kazi yake mahali pengine, ambaye mwajiri wake amemruhusu kwa barua aje kufundisha saa chache kwa wiki. Huyu hakuwa na mshahara, ila posho ya nauli na chakula cha mchana. Aliruhusiwa kuingia maktaba na chumba cha chai cha walimu, lakini hakuwa na kura katika vikao. Na ajira yake huko kwake ikikoma, kwa sababu yoyote ile, uteuzi wake nao ulikoma siku hiyohiyo. Kifungu hicho nilikisoma kama mtu anavyosikiliza tangazo la msiba wa mtu asiyemjua.

"Wa nje," mke wangu akasema alipoiona barua ya uteuzi. "Mambo ya nje ninyi wanaume hamjambo." Lakini shati la kuvaa siku ya kwanza alilipiga pasi mwenyewe, na Jumapili baada ya misa nilimsikia akizungumza na wenzake kwa Kihaya, na neno yunivasiti likajitokeza mara nyingi kuliko lilivyohitajika. Nikamwambia sasa na mimi nimekuwa nshomile, kama watani wanavyowaita Wahaya kwa kupenda kusoma na kujisikia. Akanijibu kwamba nshomile huzaliwa, hateuliwi.

Darasa lile nililipenda. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu sijawahi kukipenda namna ile kitu kingine chochote nilicholetewa na kazi. Wengi wa vijana walikuwa watoto wa wakulima wa pamba, wamesomeshwa kwa pamba, nao waliionea haya pamba yenyewe. Walitaka kusikia habari za mabenki na Dar es Salaam. Basi nikaanza na walichokitaka. Nikawafundisha mikataba, bima, usafirishaji, jinsi bei inavyopangwa ng'ambo na kutufikia huku imepungua. Waliandika mpaka chaki ikaniishia, na mimi nikirudi nyumbani kwa baiskeli, mikono na suruali vimejaa vumbi jeupe, najiona nimekuwa mtu.

Madaraja niliyaweka mwisho. Sisi tulipokuwa watoto tulikula ugali kwa mchuzi, nyama tukaiacha pembeni ya sahani hadi tonge la mwisho, ili utamu ubaki mdomoni. Mtu hukua na tabia hiyo asijue. Somo la madaraja ndilo lililokuwa nyama yangu. Niliwaahidi kwamba wiki moja kabla ya mitihani lori la ushirika litatuchukua getini asubuhi, tukashinde kituoni na kiwandani, na kila mmoja azamishe mikono yake kwenye pamba mpaka aweze kutenga safi na fifi amefumba macho. "Njooni na nguo kuukuu," nikawaambia. "Pamba hunata."

Wakati huo ushirika ulikuwa unakufa. Wanunuzi wapya walifika vijijini na fedha taslimu, sisi tukifika na ahadi, na mkulima si mjinga. Magari ya pamba yakapita mbele ya maghala yetu bila kusimama. Wiki ileile niliyotoa ahadi hiyo ya lori, tulikusanywa ghalani tukasomewa majina ya waliopunguzwa kazini. Langu lilisomwa mapema, kwa vile tulipangwa kwa alfabeti.

Nilikwenda chuoni mwenyewe kumwambia mkuu wa idara, asije akasikia kwa watu. Alivua miwani, akaifuta, akakitoa kile kijitabu cha kijani kwenye mtoto wa meza.

"Tungekufanya wa heshima," akasema, akasoma kidogo. "Una umri gani?"

"Arobaini na sita."

"Hujazeeka."

"Unisamehe."

Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Mgeni nako haiwezekani, hutoki chuo kingine. Na wa nje lazima awe na kwake."

"Limebaki somo moja tu," nikamwambia. "Niache nilimalize bure. Hata hiyo posho sitaki."

"Si posho, ndugu yangu. Mtu asiye na uteuzi akiingia darasani, kozi nzima inaweza kukataliwa. Watakaoumia ni vijana." Akafunga kijitabu. "Tafuta mwajiri. Yeyote. Ukiniletea barua yake hata kesho, nitaipeleka kwenye kamati mimi mwenyewe. Vijana nitawaambia."

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma. Ningempata mtu wa kumchukia ningepata nafuu. Mji ulikuwa umejaa watu waliopunguzwa, kila mmoja na taaluma yake na njaa yake, na chuo kiliogopa kugeuka kibanda cha kujikingia mvua. Aliyetunga kifungu kile alikuwa na akili zake. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikuwa nimekwisha kulishika, nalima kwa raha zangu, nikapokonywa.

Mwajiri alipatikana upesi kuliko nilivyotarajia. Mmoja wa wanunuzi wapya alikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba nje kidogo ya mji, na alihitaji mtu ambaye saini yake inajulikana ng'ambo. Nilikwenda kesho yake. Uwanjani malori yalikuwa yanashusha, na safi na fifi vilikuwa lundo moja, refu kama nyumba, limemwagiwa maji chini ili liongeze uzito. Meneja wake alikuwa kijana mchangamfu. Aliniamkia vizuri, akanipa soda.

"Kazi nyepesi, mzee wangu," akasema. "Marobota yote unayaandika daraja la kwanza."

"Bila kuyafungua?"

"Ukiyafungua utajichosha bure."

Nikamuuliza habari ya barua ya chuo. Akasema hata sasa hivi ataandika, tena kwake ni sifa kuwa na mhadhiri.

Sitadanganya kwamba sikusita. Soda ilipata moto mkononi. Barua ile ingenirudisha darasani kabla ya wiki ya mwisho, na nilikuwa naitaka kuliko mshahara. Lakini nilijiona nimesimama mbele ya wale vijana asubuhi, nawaonyesha hii ni safi na hii ni fifi, kisha mchana nakuja hapa kuandika kwamba zote ni kitu kimoja. Nikamshukuru kwa soda, nikaondoka.

Mke wangu alikuwa anasahihisha madaftari nilipomweleza. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Ungekubali nisingekulaumu," akasema.

"Na nisipokubali?"

"Sikulaumu pia. Ila usije ukaninunia humu ndani."

Nilinuna mwezi mzima. Siku ile ya lori ilipofika nilishinda nyumbani, natengeneza mlango wa banda la kuku ambao haukuwa umeharibika.

Baada ya hapo nilirudi Sengerema, kwenye shamba la marehemu baba. Mke wangu alibaki mjini na kazi yake, nami nilivuka Busisi kwenda na kurudi, pantoni ikiwa nzima. Nililima pamba, kwa kuwa sijui kitu kingine. Likizo mke wangu alikuja, akakaa nami kwenye mkeka tukatenga safi na fifi kama walivyofanya wazazi wangu. Majirani walitushangaa. Wao walikuwa wameacha kutenga zamani.

Msimu mmoja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipeleka pamba yangu kituoni. Jengo lilikuwa lilelile la ushirika, bati lilelile, ila sasa alikuwa amelikodi mnunuzi binafsi. Wakala aliyesimama mzanini alikuwa kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Aliponiona aliacha kupima, akaja haraka kunipokea gunia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Nilimkumbuka. Alikuwa akikaa mstari wa mbele, na ndiye aliyeuliza sana habari za bei za ng'ambo. Tukaulizana hali. Ana mke, ana mtoto mmoja, kazi inakwenda. Furaha niliyoipata ilikuwa ya kweli, hadi nilipomwonyesha magunia.

"Hili kubwa ni safi," nikamwambia. "Hili dogo fifi."

"Siku hizi yote bei moja, mwalimu. Mwaga tu pale."

Pale palikuwa na lundo, la rangi ya maziwa yaliyoingia chai.

"Ndivyo nilivyokufundisha?"

Hakukasirika. Alifikiri kweli, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali. "Hapana. Ulitufundisha mikataba, bima, usafiri. Hata uwakala huu nimeupata kwa hayo, nakushukuru sana. Madaraja ndiyo hatukuyafikia." Kisha akasema, "Ila siku ile ya lori tulikuja."

"Mlikuja?"

"Tulivaa nguo kuukuu kama ulivyosema. Tukakusubiri getini mpaka chakula cha mchana. Wengine walisema huji. Mimi nikawaambia, yule mzee kwa pamba lazima atakuja."

"Hamkuwa mmeambiwa?"

"Tangazo walilibandika baadaye."

Kukataa kazi ya yule meneja sijawahi kukujutia, na leo nikiulizwa nitakataa tena. Ninachojutia ni geti. Kanuni zilinikataza darasa, geti hazikunikataza. Kutoka Buzuruga hadi pale si mbali kwa baiskeli. Ningefunga nyuma kikapu kimoja cha pamba, nikakimwaga chini ya mti ule wa getini, wakazamisha mikono, nami nikawasimamia kama mtu yeyote anayepita njia. Asubuhi moja ingetosha. Badala yake mimi, mtu wa kutenga kila kitu, nilijitenga mwenyewe upande wa wasioruhusiwa, nikabaki nagongea misumari mlango mzima. Najuta hadi leo, na kujuta hakujanifundisha chochote ambacho ningeweza kumfundisha mtu.

Nyuma yangu watu walikuwa wanangoja na mizigo yao. Mwanamke mmoja aliuliza kwa Kisukuma kama huyu mzee anauza au anahutubia. Nikafungua gunia la safi, ambalo mke wangu alilitenga likizo yake nzima, nikaliinamisha juu ya lundo. Kijana akaja kulishika upande wa chini, kwa adabu zote, ili pamba ya mwalimu isipotee hata kidogo.